Likizo kwa bibi: maswali ya wasomaji walio ughaibuni

SWALI: Habari za kazi. Tunaishi Hamburg, na mwezi wa saba tunawapeleka watoto Mtwara kwa bibi yao, siku 28. Mkubwa ana miaka 9, kilo 28. Mdogo miaka 3, kilo 14. Wote wamezaliwa huku. Mama mkwe anasema dawa za kukinga malaria ni za Wazungu, wajukuu zake wana damu ya kwao. Tuwape au tuache?
*Mama wa wawili*

JIBU: Dada, wape. Kinga anayoisema mama mkwe mtu huijenga kwa kuumwa na mbu na kuugua tena na tena tangu utotoni. Wanao hawajapita huko; mbele ya malaria hawana tofauti na wenzao wa darasani Hamburg. Hata nyinyi wazazi, mkikaa Ulaya miaka kadhaa, kinga yenu hupungua, kwa hiyo mwambieni daktari awaandikie na nyinyi. Na Mtwara ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi Tanzania.

Dawa ambayo watoto huandikiwa mara nyingi ni Malarone ya watoto. Mwenye kilo 11 hadi 20 humeza kidonge 1 kwa siku, kilo 21 hadi 30 viwili, kilo 31 hadi 40 vitatu. Mpimeni mkubwa upya kabla ya kwenda kwa daktari, maana akivuka kilo 30 dozi yake inabadilika. Mkianza siku 2 kabla ya kufika, mkaendelea siku zote 28, kisha siku 7 baada ya kuondoka, jumla ni siku 37: mdogo vidonge 37, mkubwa 74. Ombeni na vya akiba, kwa sababu mtoto akitapika ndani ya saa moja hurudia dozi.

Wapeni saa ileile kila siku, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Wali wa nazi wa bibi unafaa sana. Tumbo likiwa tupu, dawa kidogo tu ndiyo huingia mwilini. Mdogo akikataa kumeza, kisageni mkichanganye na maziwa.

Familia nyingi hukosea kwenye zile siku 7 za mwisho. Mnarudi, watoto wazima, shule inafunguliwa, dawa inasahauliwa kabatini. Vimelea vya mbu wa usiku wa mwisho hukaa kwenye ini karibu wiki nzima ndipo viingie kwenye damu. Dawa ikikatishwa, vinaikuta damu haina ulinzi.

Dawa haiondoi neti. Mbu wa malaria huuma usiku, hivyo kagueni matundu mchana na chomekeni neti chini ya godoro kabla ya giza.

Mtoto akipata homa kuanzia siku ya 7 tangu mlipofika, hadi miezi 3 baada ya kurudi, apimwe malaria siku hiyohiyo. Kwa daktari wa Hamburg neno la kwanza liwe "tumetoka Tanzania". Asipolisikia, atawaza mafua, na kwa mtoto mdogo siku moja ya kuchelewa inaweza kuwa hatari.

SWALI: Mume wangu hapati likizo, nasafiri na mtoto peke yangu, na jina lake la ukoo ni la baba. Nibebe nini?
*Msomaji, Köln*

JIBU: Barua ya baba ya kuridhia safari, yenye tarehe za kwenda na kurudi na namba ya pasi ya mtoto, iliyosainiwa, nakala ya pasi ya baba, na cheti cha kuzaliwa. Ofisi ya vizazi mlikomwandikisha mtoto hutoa cheti cha kimataifa chenye lugha kadhaa. Ombeni hicho, kwa sababu cha Kijerumani pekee hakisomeki mpakani. Kama ameshaanza shule, msiondoke kabla ya kufungwa bila ruhusa ya maandishi ya shule. Polisi wa uwanja wa ndege wanaweza kuiulizia, na faini huwaangukia wazazi.