Mantiki ya "kama… basi" kabla hujatoa hela ya kiwanja

Anayetaka kujifunza mantiki mara nyingi hukimbilia alama, akachoka mapema. Anza na sentensi ya namna moja tu: "Kama P, basi Q", ambapo P na Q ni kauli zozote mbili. Hoja nyingi za vikaoni, sokoni na kwa madalali zimejengwa juu yake.

Tuseme unatafuta kiwanja Nkuhungu au Iyumbu, jijini Dodoma. "Kama kiwanja kina hati miliki, basi kimepimwa." Ni kweli, kwa kuwa hati haitoki bila upimaji. Dalali anakuonyesha bikoni, zile alama za mipaka zinazowekwa na wapimaji, anakutajia namba ya kitalu, kisha anasema, "Si unaona kimepimwa? Hati ipo." Hapo ameigeuza sentensi nyuma mbele. Kiwanja kinaweza kupimwa na hati isiombwe miaka kadhaa.

Ukitaka kuhakikisha, chora jedwali la ukweli, yaani orodha ya hali zote zinazowezekana. P ni "kina hati", Q ni "kimepimwa". Kauli mbili hutoa mistari minne: zote kweli, P kweli na Q uongo, P uongo na Q kweli, zote uongo. "Kama P, basi Q" huvunjika kwenye mstari wa pili peke yake, kwa hiyo ufute. Umeshaona bikoni, yaani Q ni kweli. Futa na wa nne. Imebaki miwili, na katika mmojawapo hati haipo. Hitimisho la dalali limeanguka.

Jaribu sasa upande wa pili: ofisi ya ardhi haina ramani ya upimaji ya kitalu hicho. Q ni uongo, na mstari unaobaki ni wa nne tu. Kwa hiyo kama dalali alikutumia picha ya hati kwenye simu, si ya kiwanja hicho. Njia hii ya kurudi kinyumenyume ndiyo watu huisahau, na kwangu mimi ndiyo yenye faida kuliko zote.

Kauli tatu zinataka mistari 8, nne zinataka 16. Zikizidi tatu, achana na jedwali, tafuta mfano pinzani: hali moja ambayo misingi yote (kauli zinazobeba hoja) ni kweli na hitimisho ni uongo. Ukiipata, hoja ni batili.

Panapowakwaza wanaoanza ni pale P ikiwa uongo. "Mvua ikinyesha Septemba, nitapanda mtama." Kwa Dodoma, Septemba ni kiangazi. Mvua isiponyesha, aliyesema hivyo hajavunja ahadi, apande asipande.

Jipime kwa jaribio la mwanasaikolojia Peter Wason la mwaka 1966. Kadi nne mezani: A, K, 4, 7, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Utageuza zipi kuihakiki? Wengi hutaja A na 4. Jibu ni A na 7. Nyuma ya 4 pakiwa na herufi yoyote, kanuni haivunjiki; nyuma ya 7 pakiwa na irabu, inavunjika.

Ukanushaji nao una mtego. Kinyume cha "zabibu zote hapa ni chachu" si "zote ni tamu", bali "kuna angalau moja isiyo chachu". Na katibu akiandika kwenye muhtasari "wajumbe wote hawakufika", mrudishie aandike "hakuna mjumbe aliyefika" au "si wajumbe wote waliofika", maana akidi ya kikao inategemea hapo.