Nyuki wangu wanaacha beseni langu la maji, wanaenda kunywa kwa jirani

Ndugu, shida si maji yako. Nyuki wanaigana: anayerudi na maji hucheza juu ya masega, akiwaonyesha wenzake uelekeo na umbali. Wakifika, hupenda kutua pale wanapoona wengine wametua. Ndiyo maana ndoo ya jirani inajaa, beseni lako halina hata mmoja.

Mwombe jirani afunike ndoo siku ileile unapoanza. Weka beseni mita 30 hivi kutoka mzingani, lenye kokoto zinazochomoza juu ya maji, la sivyo watazama. Siku mbili za kwanza changanya robo kilo ya sukari kwa lita moja, kisha punguza hadi maji matupu. Ukiendelea na sukari utaita nyuki wezi, yaani wa mizinga mingine wanaokuja kuiba asali. Kiangazi hiki cha Dodoma lisikauke hata siku moja.