Mkeka wako, kidole cha mkeo

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni refa, nina miaka 36, naishi Magomeni, Mtwara mjini. Chama kimenisimamisha kwa kubeti. Kweli nilikuwa nasuka mikeka, ila ya mechi za Ulaya tu, hela ndogo ndogo. Laini niliyotumia ina jina la mke wangu. Kamati ilipomwita akanichongea, kisha akachukua watoto akaenda kwao Newala. Mama mkwe hapokei simu zangu. Nimrudisheje?*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kusimamishwa. Pole yangu imeishia hapo.

Mwenye mchezo wa wazi hubeti kwa laini yake. Wewe uliazima kidole cha mkeo. Siku alipoweka alama za vidole kwa wakala, sidhani ulimwambia anasajili laini ya mikeka. Sasa unasema kakuchongea. Aliulizwa laini ya nani, akasema yangu. Nani anaitumia? Mume wangu. Hapo kachonga nini? Ulitaka aseme mcheza kamari ni yeye, na mtoto mgongoni?

Hilo la Ulaya nalo usinidanganye. Kanuni za FIFA zinamkataza refa kubeti mpira wowote, si ule anaouchezesha tu, na wewe unalijua kuliko mimi. Uturuki mwaka 2025 shirikisho lao lilipekua marefa 571, likakuta 371 wana akaunti za kubeti. Mmoja alikuwa amebeti mara 18,227. Naye nadhani alianza na hela ndogo ndogo.

Lakini kilichoninyima usingizi si mikeka. Mtu wa Mtwara, kaoa Newala, aniandikie habari za hela mwanzo mpaka mwisho asitaje korosho hata mara moja? Malipo ya mnada wa msimu uliopita yalikwenda wapi? Mwanamke hamkimbii mume kwa kunyang'anywa filimbi. Mama mkwe wako anajua kitu, ndiyo maana simu inaita tu. Nami nipo upande wake.

Ndoa zenu za siku hizi zinanichosha. Zamani mume akificha hela tuliijua iliko, chini ya godoro, tukifagia tunaiona. Leo anaificha ndani ya jina lako mwenyewe, na simu ina namba ya siri, na analala nayo kama kichanga. Halafu mkiachwa mnasema wanawake wamebadilika!

Acha kupiga simu. Kachukue taarifa ya miamala ya ile laini, yote, hata ikiwa kurasa arobaini. Mtafute mjomba wako, si marefa wenzako, mpande basi la asubuhi kwenda Newala. Khanga usibebe, utaonekana unahonga. Usiombe mke siku hiyo. Mpe mama mkwe hizo karatasi, na neno "alinichongea" liache Magomeni. Ukimkuta kibarazani anabangua korosho, kiti ukiletewa kikatae, kaa chini ubangue naye mpaka aanze kuuliza yeye.