Mwanangu, kuhusu kanisa na nyumba ya ubavuni

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Umeniuliza kuhusu kanisa la kale mlilopewa kukagua chuoni, lililoshikana na nyumba za jirani: zilzala, yaani tetemeko la ardhi, ikija, nyumba ya jirani inalikinga kanisa au inaliumiza? Nakujibu kwa nilivyoshika mawe na chokaa hapa Mji Mkongwe, Zanzibar.

Inakinga, kwa upande wake. Ukuta wa kanisa ni mrefu na ndani hauna sakafu za ghorofa wala vyumba vya kuushika, kwa hiyo ukitikiswa hulalia nje. Penye nyumba, haufiki mbali. Tatizo ni upande wa pili ulio wazi: jengo hujipinda, na ukuta usio na msaada ndio unaoumia.

Ninachokiogopa zaidi ni vimo visivyolingana. Nyumba ikiishia katikati ya ukuta, chini kunashikwa, juu kunacheza, na ufa hupita palepale paa la jirani linapokoma. Mnara wa kengele ndio mgumu kabisa. Una mwendo wake, kanisa lina wake, yanagongana kama majahazi yaliyofungwa pamoja bandarini Malindi siku ya mawimbi.

Italia, tangu zilzala ya Friuli ya 1976, wamejifunza kulitazama kanisa kipande kipande: ukuta wa mbele, matao, mnara, maana kila kipande huvunjika kivyake. Norcia, tarehe 30 Oktoba 2016, kanisa la San Benedetto liliporomoka, ukuta wake wa mbele ukabaki umesimama.

Wala usiseme hayo ni ya Ulaya. Tarehe 12 Agosti 2020 ardhi ilitikisika chini ya bahari, kwa ukubwa wa karibu 6, tukaisikia hapa na Dar es Salaam.

Mkipewa ruhusa, bandueni lipu kiasi cha kiganja pale kuta mbili zinapokutana. Mawe yakiwa yameingiliana, zilijengwa pamoja. Ukiona mstari mmoja wima uliojazwa chokaa tu, kisu kikazama, hizo ni kuta mbili zilizokaribiana. Hapo ndipo patakapoachana. Dawa yake ni vyuma vya kuzifunga, na chokaa. Saruji hapana! Huziba unyevu ndani, jiwe likaoza.

Na wakitaka kuibomoa nyumba ya jirani ili kanisa lionekane, wakatalie mpaka ukuta uwe umeegemezwa kwanza. Huenda umeitegemea nyumba hiyo miaka yote.

Nitumie picha ya hiyo pembe, uniambie na paa la jirani limefikia kimo gani.

Babaako