Sarafina! ya Kisumu au ya Nakuru?

Dada, umeuliza kwa nini Sarafina!, ile tamthilia ya muziki ya Afrika Kusini, ilikuliza ilipochezwa na wale vijana wa Kisumu, na ile ya Nakuru, yenye taa na maleba ya bei, ikakuacha mkavu. Mimi naona ni bendi. Mtunzi wake, Mbongeni Ngema, alipoizindua pale Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, wanamuziki walipiga wakiwa jukwaani. Mbaqanga, muziki wa mitaa ya Afrika Kusini unaopigwa humo, inataka gitaa la besi litingishe mbao unazokanyaga. Nakuru walicheza muziki uliorekodiwa, kwa hiyo waimbaji wakawa wanaukimbiza. Kisumu walikuwa na ngoma, kinanda kibovu na besi moja, lakini kiongozi wa nyimbo akitaka kurefusha, bendi inamngoja.

Halafu kuna ule mwisho. 1987 Mandela alikuwa bado jela, na wanafunzi wa Soweto, kitongoji cha Johannesburg, jukwaani wanaigiza siku atakayotoka na hotuba atakayoitoa. Kwa watazamaji wale hiyo ilikuwa dua. Alitoka Februari 1990, na tangu hapo kila anayeirudisha tamthilia hii lazima aamue afanye nini na hotuba ile. Nakuru waliisherehekea kama sikukuu ya kitaifa, bendera na vifijo. Binti wa Kisumu aliyecheza Sarafina aliisema polepole, kama mtu asiyejua kama itatimia. Hapo ndipo walipowashinda, ingawa dansi ya Nakuru ilikuwa safi zaidi, tusiwanyime haki yao.

Filamu ya 1992 iliyotokana na tamthilia hii iweke kando kwanza. Whoopi Goldberg, aliyeigiza mwalimu wa wanafunzi hao, alimfanya awe mkubwa mno.