Ufa wa juu, ugonjwa wa chini

SWALI: Nyumba yangu iko Watamu, mita 8 kutoka ukingo wa jabali la matumbawe. Msimu wa kusi ulipoisha niliona ufa bustanini, sambamba na bahari, mita 2.5 kutoka ukingoni. Fundi anataka kuujaza zege na kujenga ukuta ukingoni. Je, inatosha?

JIBU: Hapana, na ukuta huo usiujenge kabisa. Maswali ya nyufa hizi hayaishi, na karibu kila mara kuna fundi aliyetazama juu tu bila kushuka ufukweni.

Jabali huliwa kwenye mkanda mwembamba, karibu na kimo cha maji kujaa. Wimbi likipiga, hubana hewa ndani ya nyufa. Likirudi, hewa hiyo hupanuka ghafla na kulegeza jiwe. Mchanga husugua, maji huyeyusha chokaa, konokono hukwangua mwani pamoja na jiwe. Ndivyo vilivyochongwa vile visiwa vya Watamu vyenye umbo la uyoga. Chini huchimbika pengo, juu hubaki mwamba unaoning'inia.

Piga hesabu. Mita moja ya ujazo ya jiwe hili ni kama tani 2. Pengo likiwa limeingia mita 2.5 na mwamba wa juu una unene wa mita 4, kila mita moja ya ukingo wako inaning'iniza tani 20. Zege ndani ya ufa haliwezi kushika mzigo huo, na ukuta unauongeza pale pale penye udhaifu.

Siku za bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu), maji yakipwa na bahari ikiwa shwari, simama pembeni, usiingie chini ya jabali, upime kina cha pengo kwa mwanzi mrefu. Kikikaribia umbali wa ufa kutoka ukingoni, hesabu kipande chote cha mbele kuwa kimekwisha kukatika: asipite mtu juu wala chini yake. Maji ya paa na ya choo yaelekeze upande wa bara. Piga misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, na upime nafasi kila bamvua. Ikipanuka, mwite mhandisi wa miamba. Kujaza pengo lenyewe ni kazi ya kitaalamu inayohitaji idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Zege lenye uso laini lililomwagwa ovyo huelekeza nguvu ya mawimbi kwenye jiwe la jirani, na nondo zake huoza kwa chumvi.

Na ninyi wengine wa pwani, msiwaruhusu mafundi kubeba mawe yaliyoanguka chini ya majabali yenu ili kujengea misingi. Mawe hayo ndiyo yanayovunja wimbi kabla halijafika kwenye pengo.