Kabla hujabonyeza riseti kwenye paneli ya gesi

Katika kazi yangu ya kutunza mitambo ya kugundua gesi, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Fundi, tunaizimaje hii kelele?" Ni wachache wanaouliza imelia kwa nini, na hilo linanitia hofu kila mara.

Kwenye paneli, yaani kisanduku cha kuendeshea mfumo, vitufe viwili huchanganywa sana. Kimoja hunyamazisha king'ora tu. Taa hubaki ikiwaka na mfumo bado uko kwenye hali ya hatari. Kingine, riseti, hufuta alamu yenyewe. Alamu nyingi za gesi haziondoki zenyewe hata gesi ikitawanyika, mpaka mtu aje azifute. Wapo wanaoona huo ni usumbufu. Mimi naona ni ulinzi, kwani uvujaji wa dakika chache usiku ungepita bila mtu kujua.

King'ora kikilia, tokeni kwanza, mwelekee upande upepo unakotoka. Msiguse swichi za taa. Kama vali ya kufungia gesi iko nje, ifungeni. Na kama mwenzenu ameanguka ndani, asiingie mtu kumfuata bila kifaa cha kupumulia. Waokoaji wengi wamekufa hivyo. Pua usiitegemee. Haidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza, lakini ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni hupumbaza uwezo wa kunusa, na kaboni monoksidi haina harufu kabisa.

Mkishakuwa salama, andika kigunduzi kipi kimelia, kiwango cha juu kilichofikiwa na saa. Andika kabla ya riseti, maana baadhi ya paneli hupoteza taarifa hizo.

Sasa kuna mtego ninaotaka uujue vizuri. Vihisi vingi vya gesi zinazolipuka huunguza gesi kidogo ndani yake ili kuipima, na kuunguza kunahitaji oksijeni. Methani huweza kulipuka ikifika takriban asilimia 5 ya hewa, na alamu ya kwanza mara nyingi huwekwa kwenye asilimia 10 au 20 ya kiwango hicho. Gesi ikijaa kupita kiasi, oksijeni hupungua, kihisi hushindwa kuunguza, na namba huanza kushuka. Aliye mbele ya paneli anafurahi kwamba gesi inaisha, kumbe chumba ndio kimejaa. Ndiyo maana vifaa vizuri, vikishavuka kipimo, hubaki vikionyesha hivyo na kukataa kushuka. Ukikuta hali hiyo, usiriseti ili tu upate namba mpya. Chukulia gesi ipo mpaka kifaa kingine kithibitishe vinginevyo.

Kifaa hicho kiwe cha mkononi, kiwashwe kwenye hewa safi, na upimaji uanzie mlangoni. Pima chini na juu: gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni na kwenye mitaro, ilhali methani hupanda darini. Chanzo kikishapatikana na kuzibwa, na hewa ikishapita, ndipo uriseti. Lakini jua kwanza riseti yako inaamsha nini. Kuna mifumo inayozima feni au kufungua vali papo hapo, na kama kichomeo kilizimika, gesi mbichi itamiminika tena chumbani.

Alamu ikikataa kufutika, usiilazimishe. Huenda gesi bado ipo. Taa ya hitilafu ni jambo jingine: waya uliokatika, kwa mfano, hushusha mkondo wa umeme wa kihisi chini ya miliampea 4, kiwango cha chini cha kawaida, na hapo anahitajika fundi. Nimewaona watu wakirudisha kihisi kwenye sifuri ili kelele iishe. Kufanya hivyo kwenye hewa yenye gesi ni kukifanya kihisi kiione gesi hiyo kuwa ndiyo hewa safi.

Kihisi kilichozidiwa na gesi nyingi kinaweza kupoteza usahihi. Kipime kwa gesi ya majaribio ya kiwango kinachojulikana. Mpaka kifaulu, eneo hilo halina ulinzi, kwa hiyo kila anayeingia abebe kifaa cha mkononi.